Kaunta ya Jikoni kwa Nyumba ya Kuuza: Anzia Makabati, Jiwe Lije Mwisho

Ndugu waandaaji, mafundi wenzangu, na nyote mnaonunua nyumba kuukuu mkazikarabati na kuziuza, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kaunta za jikoni, na najua wengi wenu mna swali moja tu mdomoni: graniti, jiwe la asili, au kwatzi, jiwe la kutengenezwa kiwandani? Nitalijibu, ila si sasa hivi. Swali hilo huulizwa mapema mno. Mtu hajapima ukuta, hajajua sinki litakaa wapi, hajainama kuona makabati yake yanaweza kubeba nini, tayari yuko dukani anapapasa mawe.

Nyumba ya kuuza ina hesabu zake. Kaunta ya nyumba unayoishi unaichagua kwa mapenzi yako na mapungufu yake utayavumilia. Kaunta ya nyumba ya kuuza utailipia wewe, ataitumia mwingine, na huyo mwingine ataiangalia kwa dakika chache tu. Mtazame mnunuzi akiingia jikoni. Anapitisha kiganja juu ya kaunta. Anafungua bomba. Anafungua kabati la chini ya sinki na kuchungulia. Akiwa makini, au akiwa amekuja na mkaguzi, anainama kuangalia kiungio cha kona na mstari wa silikoni ukutani. Hayo ndiyo yanayompa picha ya nyumba nzima, kwa sababu anajiambia kwamba fundi aliyelipua kazi hapa pa wazi, kule ndani ya kuta amefanya nini? Jiwe la wastani lililofungwa vizuri litakuuzia nyumba haraka kuliko jiwe la kifahari lenye kiungio kilichotoboka.

Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta nyumba nne au tano zinazouzwa sasa katika eneo lako, za ukubwa na hadhi ya hiyo yako, uone zina kaunta gani. Kama zote zina kaunta za fomaika, yaani ubao uliobandikwa ganda jembamba la plastiki, graniti ya kawaida itakuweka mbele kidogo, na jiwe la gharama mara tatu halitakupeleka mbele zaidi ya hapo. Kama zote zina mawe, fomaika itampa mnunuzi sababu ya kushusha bei. Na hapo ndipo watu wanapoumia: mnunuzi hapunguzi bei ya kaunta peke yake. Akilini mwake jiko lote limeshakuwa la kubomoa, na anakata bei ya jiko zima.

Jiulize pia kama kaunta iliyopo inahitaji kuondoka. Graniti au terazo iliyofifia mara nyingi inahitaji kusagwa na kung'arishwa tu, kwa pedi za almasi zinazopanda kutoka namba za chini kama 50 hadi 3000, kwa maji. Kazi hiyo huleta vumbi na tope, lakini haina mzigo wa kubomoa, kusafirisha na kusubiri. Iliyovimba, iliyooza pembeni mwa sinki au iliyopasuka kabisa, hiyo iondoe.

Sasa tuje kwenye makabati, maana kaunta haikai hewani.

Graniti yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa takribani kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Ya sentimita 2 ni takribani kilo 55. Jiko lenye mita za mraba tatu za kaunta basi linabeba kilo 240 au 165, kabla hujaweka sinki wala chungu. Kabati la chipibodi, yaani ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, lililowahi kunywa maji kwenye miguu yake haliwezi. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya chini ya kila ubao wa pembeni. Ukikuta pamevimba au panabonyea, ubao huo ubadilishwe kwanza.

Halafu usawa. Weka pimamaji refu juu ya makabati yote, kwa urefu na kwa kukingama. Tofauti inayovumilika ni kama milimita 3 katika mita 3. Ikizidi, kabati linyanyuliwe kutoka miguuni. Usiache fundi anyanyue jiwe kwa vijibao viwili vitatu vilivyopachikwa juu ya kabati, kwa sababu jiwe lililokaa juu ya nukta chache huwa na utupu chini yake. Siku mtu atakapopanda juu kubadilisha taa, litapasuka. Jiwe ni imara sana likigandamizwa na ni dhaifu sana likipindwa, na nyufa nyingi mnazoziona kwenye kaunta chanzo chake ni hicho, wala si jiwe bovu.

Kuna mtego wa kimo ambao umewasumbua wengi. Kaunta nyingi za fomaika zina unene wa milimita 38. Ukiiondoa na kuweka jiwe la sentimita 2, kaunta inashuka karibu sentimita 2. Vigae vya ukutani vinaacha ufa chini, na jiko la kupikia lililosimama kando linachomoza juu ya kaunta. Dawa ni kuweka plaiwudi ya milimita 18 juu ya makabati, kisha jiwe. Ishirini na kumi na nane ni thelathini na nane, umerudi pale pale. Ukingo wa mbele unaongezewa ukanda wa jiwe hilo hilo kwa chini ili plaiwudi isionekane na kaunta ionekane nene. Lakini sikilizeni: ukibandika ukanda huo wa chini bila plaiwudi, unaning'inia mbele ya droo ya juu, na droo inakwama. Kila anayefunga ukingo mnene afungue droo zote kwanza.

Vipimo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea kimya kimya.

Chukueni jiko la umbo la L, ukuta mmoja mita 3.0, mwingine mita 2.4. Kabati pamoja na mlango wake lina kina cha sentimita 60, kaunta inatokeza 2 mbele, kwa hiyo upana wa kaunta ni sentimita 62. Bamba la jiwe unaloliona dukani lina mita 2.8 kwa 1.6, yaani mita za mraba 4.48. Eneo la kaunta ni kama 2.96. Mtu anaona bamba linatosha na linabaki, anatia sahihi. Kisha fundi anapokwenda kukata anakuta upande wa mita 3.0 ni mrefu kuliko bamba. Anaunga katikati ya ukuta, pengine mbele ya sinki, na una viungio viwili: hicho na cha kona.

Bamba hilo hilo linaweza kutoa kiungio kimoja. Kona ipewe upande mfupi. Yaani kipande cha ukuta wa mita 2.4 kifike hadi konani, na kipande cha ukuta wa mita 3.0 kianzie pale kile cha kwanza kinapoishia. Tatu toa 0.62 ni mita 2.38. Sasa una vipande viwili, 2.40 na 2.38, vyote vinaingia kwenye bamba la 2.8. Kiungio ni kimoja, kipo konani, na hakuna jiwe la ziada lililonunuliwa. Upana wa bamba ni sentimita 160. Vipande viwili vya 62 vimekula 124, kimebaki ukanda wa 36, pungufu ya milimita chache zinazoliwa na msumeno kila unapopita. Ukanda huo unatoa ukingo wa ukutani wa sentimita 10 na ule wa kuongezea unene wa mbele. Yote haya yanapangwa kwa penseli kwenye karatasi kabla ya kulipa, si karakanani bamba likiwa tayari juu ya meza. Kama jiwe lina mishipa inayokimbia upande mmoja, kumbukeni kwamba konani mishipa itabadili mwelekeo. Kwenye jiwe la chembechembe hakuna atakayegundua. Kwenye jiwe la mistari kila mtu ataona. Kwa jiko la L la nyumba ya kuuza, mimi nachagua chembechembe.

Kiungio kisiangukie juu ya tundu la sinki wala juu ya mashine ya kuoshea vyombo, ambako hakuna kabati la kukishika na kuna mvuke. Kikiwa kizuri kina upana wa milimita 1.5 hadi 2, kimejazwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, iliyochanganywa rangi hadi ikafanana na jiwe, na ukipitisha ukucha hausikii ngazi. Ukucha ukikwama, mkono wa mnunuzi nao utakwama.

Sehemu ya kukalia watu, kaunta inapotokeza kupita kabati, ina mipaka. Jiwe la sentimita 2 lisitokeze zaidi ya 15 hadi 20 bila kushikiliwa, na la sentimita 3 lisizidi 25 hadi 30. Ukitaka zaidi, funga mabano ya chuma yaliyokamatwa kwenye kabati au ukutani. Na chini ya ukingo wa mbele, mwambie fundi apitishe mfereji mwembamba wa kina cha milimita 3. Maji yanayofurika yanafika kwenye mfereji huo yanadondoka. Bila mfereji yanateleza kwa chini hadi kwenye milango ya kabati, na milango ndiyo inayovimba mwaka wa kwanza.

Sinki nalo. Kaunta nyingi hufia hapo. Sinki na jiko la kupachika viwepo vyenyewe karakanani siku ya kukata, mkononi, si picha wala namba ya modeli iliyoandikwa kwenye karatasi. Tundu likikatwa kubwa kwa sentimita moja, hakuna gundi itakayolirudisha. Pembe za ndani za tundu ziwe za mviringo, nusu kipenyo cha angalau milimita 10, maana pembe kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Ukanda wa jiwe unaobaki mbele ya sinki ni mwembamba, mara nyingi sentimita 8 hadi 10, na ndio unaovunjika njiani. Fundi anayejua kazi huchimba mfereji upande wa chini wa ukanda huo, akalaza fimbo ya chuma au ya faiba na kuijaza epoksi. Na bamba lililokwisha kukatwa hubebwa likiwa limesimama kwa ubavu, kamwe halibebwi limelala.

Kwa jiwe, sinki la kufungwa chini ya kaunta linapendeza na linafutika kirahisi. Lakini lisishikwe kwa silikoni peke yake; liwekewe vishikizo au fremu ndani ya kabati. Sinki lililojaa maji na vyombo ni mzigo, na silikoni huchoka. Kwa fomaika, sinki la kukalia juu tu, hakuna mjadala.

Haya, sasa vifaa vyenyewe.

Graniti, kwa nyumba nyingi za kuuza, ndilo jibu langu. Ni ngumu, kisu cha kawaida hakiichori, ndimu na siki haziiunguzi, sufuria ya moto haiiharibu kwa urahisi. Udhaifu wake ni kunywa mafuta. Ukiwa dukani mwaga matone machache ya maji juu ya kipande, subiri dakika 10 hadi 15, kisha futa. Kama pamekuwa peusi, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara. Kama hapakubadilika, umepata jiwe tulivu. Jiwe jeusi lina jaribio lake la ziada: lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, sugua. Kitambaa kikitoka na weusi, jiwe limepakwa rangi, na rangi hiyo itafifia kwa mabaka. Mistari ya asili isikutishe, ila ipitishie ukucha: mshipa wa asili ni laini kama jiwe lote, ufa una ngazi au unakamata ukucha. Nyeusi inayong'aa sana, ingawa watu wanaipenda, inaonyesha kila alama ya kidole na kila tone la maji lililokauka. Nyumba itatembelewa na wageni wengi kabla haijauzwa. Kijivu cha wastani chenye chembechembe kinasamehe.

Kwatzi ni kokoto na unga wa kwatzi, asilimia 90 na zaidi kwa uzito, uliofungwa kwa resini, yaani gundi ya plastiki. Haihitaji dawa, rangi yake ni ile ile kutoka bamba hadi bamba, na kwenye picha za tangazo inatoka safi sana. Lakini ile asilimia chache ya resini ndiyo inayoamua mambo. Joto la kama nyuzi 150 za Selsiasi linaanza kuiharibu, na sufuria iliyotoka jikoni inapita hapo bila shida. Alama inayobaki haisuguliki ikatoka. Jua nalo huigeuza manjano, kwa hiyo isiwekwe nje wala mahali jua kali linapopiga siku nzima. Jambo jingine kuhusu kwatzi ni la uhai wa watu. Vumbi lake la silika, yaani madini ya kwatzi yenyewe, huharibu mapafu, na limewaua wakataji. Australia ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mawe haya kuanzia Julai 1, 2024. Kama huko uliko yanaruhusiwa na ukayachagua, yakatwe kwa maji, karakanani, na wakataji wavae barakoa za kweli za kuchuja vumbi. Fundi anayetoa grinda kavu katikati ya jikoni ili "arekebishe kidogo" msimamisheni hapo hapo. Graniti nayo ina silika, pungufu lakini ipo, na sheria ni ile ile.

Marumaru ni nzuri kuangalia. Ni laini, ugumu wake ni 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, wakati graniti iko 6 hadi 7, na asidi huila. Glasi ya maji ya ndimu ikiachwa usiku mmoja, asubuhi kuna duara lisilong'aa ambalo dawa ya kuziba vinyweleo haikulizuia, kwa sababu hilo si doa, ni jiwe lenyewe limeliwa. Kwa nyumba ya kuuza nasema hapana, isipokuwa nyumba za daraja la juu kabisa ambako mnunuzi anajua anachonunua. Na mjihadhari na mawe meupe yanayouzwa kwa jina la kwatzaiti, jiwe gumu la asili. Kwatzaiti ya kweli inachora kioo. Chukua kipande, kisugue kwenye kioo cha chupa. Kisipochora, umeuziwa jamaa wa marumaru.

Fomaika inadharauliwa bila haki. Kwa nyumba ndogo, au ya kupangisha kabla ya kuuzwa, ni chaguo la akili, mradi ifungwe sawasawa. Ganda la juu halifiki hata milimita moja, na chini yake ni chipibodi inayovimba ikionja maji na hairudi. Kwa hiyo kila mahali msumeno ulipopita, yaani tundu la sinki, tundu la bomba na ncha zote, papakwe vanishi isiyopitisha maji mara mbili au silikoni, paachwe pakauke, ndipo sinki likae. Dakika 20 za kazi. Ndizo zinazorukwa, na ndizo zinazoua kaunta hizi. Viungio vya kona vivutwe kwa bolti kutoka chini pamoja na gundi isiyopitisha maji. Juu ya mashine ya kuoshea vyombo, bandika ukanda wa alumini chini ya kaunta kuzuia mvuke.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Kaunta ya akriliki, aina iliyobuniwa na kampuni ya DuPont mwaka 1967, huungwa bila kiungio kuonekana na mikwaruzo yake huondoka kwa msasa, ila haipendi moto. Mbao huhitaji mafuta kila mara, na mnunuzi hatapaka. Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu zake na litapata nyufa nyembamba hata likitengenezwa vizuri; wanaolipenda wanalipenda, lakini ni wachache. Vigae ni rahisi, ila grauti ya saruji, ile inayojaza mistari kati ya vigae, huchafuka, kwa hiyo tumieni vigae vikubwa, mistari myembamba, na grauti ya epoksi.

Mpangilio wa kazi. Makabati yafungwe kabisa, yakaguliwe usawa, ndipo fundi achukue kiolezo, yaani umbo kamili la kaunta, kwa mbao nyembamba au kwa leza. Kiolezo, si futi, kwa sababu kuta karibu zote zina tumbo. Kaunta ifungwe, kisha vigae vya ukutani vije juu yake, si kinyume chake. Pale kaunta inapokutana na ukuta weka silikoni, usiweke grauti: kaunta na ukuta husogea tofauti na grauti itapasuka. Kwa jiwe la asili tumia silikoni isiyo ya asidi; ile inayonuka siki inaweza kuacha doa na kuila marumaru. Silikoni iachwe saa 24 kabla ya kufungulia maji. Dawa ya kuziba vinyweleo ipakwe kwenye jiwe kavu, iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na kilichobaki juu kifutwe chote. Kikikauka pale, kaunta inakuwa na ukungu, na watu husingizia jiwe.

Kabla ya kupiga picha za tangazo, jaza sinki maji hadi juu, yaachie kwa mkupuo, na uwe umeingiza kichwa kabatini na tochi. Kausha kwa karatasi kila kiungio cha bomba, subiri nusu saa, papasa tena kwa karatasi kavu. Kipande cha jiwe kilichotoka kwenye tundu la sinki usikitupe. Lainisha ukingo wake na kiachwe kabatini pamoja na jina la jiwe, jina la dawa iliyopakwa na tarehe ya kuipaka: mwenye nyumba mpya akipata jeraha kwenye ukingo, fundi wake atakuwa na mahali pa kulinganishia rangi ya epoksi.